"Leo ametulia": kwa nini ni vigumu kutengeneza kifaa cha kugundua kuweweseka ICU

Bibi yangu alikaa siku tisa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, baada ya kupasuliwa utumbo. Usiku wa tatu, mashine ya kupumulia ilipokwisha kutolewa, alipiga kelele hadi alfajiri. Aliwafukuza manesi, akang'oa sindano ya dripu, akamwita dada yake ambaye tulimzika zamani. Siku ya tano nesi akatupokea mlangoni na uso mchangamfu: "Bibi leo ametulia." Tukamshukuru Mungu palepale kwenye korido. Mama mdogo akapiga simu Uru kuwaambia waliobaki nyumbani wasiwe na wasiwasi.

Tulipoingia, bibi alikuwa macho, anatazama dari. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Hakuitika. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinadonoa shuka, taratibu, kisha mkono unashuka pembeni ya kitanda kana kwamba unaachia kitu, unarudi tena juu. Mama mdogo alimwangalia kwa muda, akasema kwa sauti ya chini, "Anachuma kahawa."

Mimi ni fundi wa vifaa tiba hapa Moshi. Nikiingia wodi yoyote macho yangu hukimbilia kwenye mashine kabla ya kitanda, na siku ile hayakubadili tabia. Monita ilionyesha mapigo ya moyo mazuri, presha nzuri, oksijeni nzuri. Kila kiungo kilichokuwa na waya kilikuwa salama. Ubongo haukuwa na waya, na ndio uliokuwa unashindwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza swali moja: kwa nini hakuna namba ya ubongo kwenye ile skrini, na ingehitajika nini ili iwepo?

Kwanza jina. Madaktari huita hali hii deliriamu. Ni kuchanganyikiwa kunakoanza ghafla, ndani ya saa au siku chache, kunakopanda na kushuka katika siku hiyohiyo, na dalili yake kuu ni umakini kutawanyika: mgonjwa hawezi kushika jambo moja akakaa nalo. Si wazimu, wala si ule ugonjwa wa kusahau wa wazee unaokuja kwa miaka. Ni ubongo kuzidiwa na shida iliyo mwilini: maambukizi yaliyoingia kwenye damu, upungufu wa oksijeni, sukari au chumvi za mwili kuvurugika, maumivu, kukosa usingizi, na mara nyingi dawa zenyewe tunazompa, hasa zile za kulaza za jamii ya midazolamu na diazepamu.

Kiswahili kina maneno ya jambo hili: kuweweseka, kupayuka, kuropoka. Ukiyatazama vizuri, yote ni maneno ya mdomo. Yanamtaja mgonjwa anayesema ovyo. Ila deliriamu ina sura nyingine, ya kimya, ambapo mgonjwa analala tu, hajibu vizuri, hasumbui mtu, na ndani ya kichwa chake dunia imepinduka. Sura hiyo, peke yake au ikipokezana na ile ya kelele, huonekana kwa wagonjwa wengi ICU kuliko kelele tupu, tena kwa wazee zaidi. Sisi hatuna neno lake. Neno tulilonalo ni "ametulia".

Ukubwa wa tatizo ulianza kuonekana vizuri mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2004 timu ya Dkt. Wesley Ely wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, ilichapisha matokeo ya wagonjwa 224 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kati yao 183 walipata deliriamu wakiwa ICU, na waliopata walikuwa katika hatari ya kufa ndani ya miezi sita takriban mara tatu ya wenzao, hata baada ya kuzingatia umri na uzito wa ugonjwa. Mwaka 2013 kundi hilohilo likatoa matokeo ya wagonjwa 821 waliougua sana: mwaka mmoja baada ya kuugua, takriban mmoja kati ya watatu wa waliopimwa alikuwa na akili iliyopungua kwa kiwango cha mtu aliyeumia kichwa kwa wastani, na kadiri deliriamu ilivyodumu siku nyingi ndivyo hali ilivyokuwa mbaya. Kwa hiyo tunazungumzia mwalimu anayerudi nyumbani na hawezi tena kusahihisha daftari, au mama wa sokoni anayeshindwa kurudisha chenji.

Kipimo kipo tayari, na hakina waya. Ely na wenzake walikichapisha mwaka 2001 kwa ajili ya wagonjwa wasioweza kusema kwa sababu ya mpira kooni. Nesi anaangalia kama hali ya akili imebadilika ghafla au inapanda na kushuka. Kisha anamshika mgonjwa mkono, anamwambia aubane kila atakaposikia herufi A, anasoma herufi kumi polepole: S, A, V, E, A, H, A, A, R, T. Akikosea zaidi ya mara mbili, umakini una hitilafu. Kisha anaangalia kiwango cha kuwa macho, na ikibidi anauliza maswali ya ndiyo au hapana. Jiwe linaelea majini? Baharini kuna samaki? Mgonjwa anajibu kwa kutikisa kichwa. Kazi yote haizidi dakika mbili kwa aliyeizoea.

Napenda sana kipimo hiki kwa sababu hakihitaji umeme wala vipuri. Lakini ukikileta hapa unakutana na mambo ambayo waliokitunga hawakuwa na sababu ya kuyawaza. Kwa Kiingereza, jina la herufi A na jina la herufi H huanza kwa sauti ileile, kwa hiyo kuna mtego mdogo katikati ya mstari. Kwa Kiswahili A ni "a" na H ni "he", mtego unaondoka, na kikomo cha makosa mawili kinahitaji kupimwa upya. Mzee wa Kimaasai kutoka Monduli ambaye hakuwahi kukaa darasani, herufi A kwake ni nini? Na bibi yangu, akili ikishavurugika, Kiswahili ndicho kilichoondoka kwanza. Kilichobaki kilikuwa Kichaga cha utotoni. Nesi aliyetoka Tanga angemuuliza habari za jiwe na samaki, asingepata jibu, na asingejua kama amekosa akili au amekosa lugha.

Hata swali dogo la saa lina shida yake. Monita inaonyesha 14:00, mgonjwa anasema saa nane, na yuko sahihi kabisa. Atakayeandika programu ya kifaa bila kujua jinsi tunavyohesabu saa atawaandikia kuchanganyikiwa nusu ya wazee wa Kilimanjaro.

Zaidi ya lugha kuna muda. Nesi hupima mara moja au mbili kwa zamu, na ugonjwa huu hupanda na kushuka. Mgonjwa aliyepimwa saa mbili asubuhi akafaulu anaweza kupotea saa tano usiku, wakati nesi mmoja anahangaika na kitanda cha jirani ambacho moyo umesimama. Na bila kipimo, jicho peke yake halitoshi. Katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2009, madaktari wa ICU waliotegemea uzoefu wao bila chombo waligundua chini ya theluthi ya wagonjwa waliokuwa na deliriamu. Hawa ni mabingwa, katika wodi zenye wauguzi wengi kuliko zetu. Nesi aliyetuambia bibi ametulia simlaumu hata kidogo.

Ndiyo sababu watu wanatafuta kifaa. Njia wanazopita ni tatu, na ya kwanza ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani.

Ubongo hutoa umeme. Hans Berger, daktari wa Ujerumani, aliurekodi kwenye kichwa cha mtu mwaka 1924 na akachapisha 1929. Mtu mzima aliye macho, akifumba macho akatulia, mawimbi ya nyuma ya kichwa chake hucheza mara 8 hadi 13 kwa sekunde. George Engel na John Romano, Marekani, wakaonyesha kwamba akili inapochanganyika mawimbi haya hupungua kasi, na inaporudi yanachangamka tena. Makala yao maarufu ya 1959 iliita deliriamu kufeli kwa ubongo, kama tunavyosema moyo umefeli au figo zimefeli. Mawimbi ya polepole kabisa, chini ya 4 kwa sekunde, huitwa delta. Kwa mtu mwenye usingizi mzito ni ya kawaida. Kwa mtu aliyefumbua macho anatazama dari, ni ishara mbaya.

Rekodi kamili ya mawimbi ya ubongo huhitaji nyaya ishirini hivi, mtaalamu wa kuzibandika, na daktari bingwa wa kuzisoma. Hicho si kitu cha kufanya kila zamu. Ndipo timu ya Arjen Slooter kule Utrecht, Uholanzi, ikauliza: tukibakiza nyaya chache sana, zikae wapi? Walilinganisha wagonjwa 56 waliopasuliwa kifua, nusu wakiwa na deliriamu, na mwaka 2015 wakaripoti kwamba jozi moja ya elektrodi (vibandiko vinavyopokea umeme wa ubongo), moja karibu na panda la uso upande wa kulia na nyingine juu ya utosi kuelekea kisogoni, kwa dakika moja tu ya macho yaliyofumbwa, inatofautisha makundi hayo vizuri. Kutokana na kazi hiyo kimezaliwa kifaa kidogo kinachouzwa Ulaya: kibandiko kichwani, dakika chache za kurekodi, alama kwenye skrini.

Hapa ndipo moyo wa fundi unapoanza kudunda, kwa sababu najua umeme unaotafutwa ni mdogo kiasi gani. Moyo hutoa kwenye ngozi ya kifua takriban milivolti 1. Ubongo, kwenye ngozi ya kichwa, hutoa maikrovolti 10 hadi 100, yaani moja ya kumi hadi moja ya mia ya moyo. Ukutani pembeni ya kitanda kuna volti 230 zinazotetemeka mara 50 kwa sekunde. Mtetemo huo unaingia kwenye waya wowote usiofungwa vizuri, na soketi isiyo na waya wa ardhini, ambazo nimezikuta nyingi mno, inauzidisha. Mtetemo wa 50 unaweza kuchujwa, kwa kuwa tunajua uko wapi. Adui mkubwa ni kope. Jicho likipepesa, waya ulio kwenye paji la uso hupokea wimbi kubwa na la polepole, linalofanana kabisa na delta. Ndiyo maana walitaka macho yafumbwe. Sasa mwambie mtu aliyechanganyikiwa afumbe macho kwa dakika moja, atulie, asiume meno.

Na ile elektrodi ya utosini inakaa juu ya nywele. Kwa nywele zetu za kipilipili, au mama aliyesuka, sponji ya kawaida haifiki kwenye ngozi. Arnelle Etienne, alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alilitatua kwa njia iliyonifurahisha sana: alibuni vibanio vinavyoshikilia elektrodi katikati ya mistari ya misuko, hivyo msuko wenyewe unakuwa nguzo. Msusi yeyote wa Moshi mjini angeielewa dhana hiyo kwa kutazama mara moja. Jambo hili si la urembo. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kilikosa kuona upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Kifaa kile kilikuwa kinatumika dunia nzima kwa miongo. Sitaki tusubiri miongo mingine kugundua kwamba kifaa cha ubongo nacho hakikutujua.

Bado kuna tatizo ambalo fundi hawezi kulitatua kwa solda. Wimbi la delta halisemi limetoka wapi. Dawa za kulaza hulileta. Kijana wa bodaboda aliyepasuka fuvu analo kwa sababu ubongo umevimba. Na kuna mgonjwa anayeweweseka vibaya sana bila kuwa nalo: mnywaji wa kila siku aliyelazwa ghafla akakatishwa pombe. Siku mbili hadi nne baada ya tone la mwisho anaanza kutetemeka, kutoa jasho, kuona wadudu ukutani, na mawimbi yake kwa kawaida hayapungui kasi, huwa ya haraka. Kifaa kinachotafuta mawimbi ya polepole kinaweza kumpita. Tena huyu ndiye anayehitaji diazepamu, dawa ileile inayomvuruga mgonjwa wa kitanda cha jirani. Katika mkoa wenye mbege na konyagi kama wetu, kosa hilo si la pembeni. Kwa hiyo kifaa kinaweza kusema "ubongo huu umezidiwa", lakini swali la "kwa nini" linabaki kwa daktari na kwa ndugu watakaosema ukweli kuhusu pombe.

Njia ya pili ni kupima umakini wenyewe. Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, timu ya Alasdair MacLullich ilitengeneza kisanduku chenye taa: taa zinawaka kwa mpangilio, mgonjwa anahesabu zimewaka mara ngapi, na kazi inaongezeka ugumu polepole. Baadaye wakaiweka kwenye simu. Mimi naiona kuwa njia yenye heshima, maana inamwuliza mgonjwa mwenyewe, na taa haina Kiingereza. Mzee anayehesabu mbuzi wake kila jioni anaweza kuhesabu taa. Kasoro ni kwamba lazima awe macho na akubali kushiriki.

Njia ya tatu haimwulizi mtu chochote. Kule Florida, Marekani, watafiti wamevalisha wagonjwa sensa za mwendo mikononi na miguuni, wakaweka kamera ya uso na vipimo vya mwanga na kelele, kisha wakaiachia kompyuta itafute tofauti kati ya waliochanganyikiwa na wasiochanganyikiwa. Sensa ya mwendo ni rahisi, ni ileile inayogeuza skrini ya simu yako. Vijana wa Chuo cha Ufundi Arusha au Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru wanaweza kuiunganisha bila kuagiza kitu cha ajabu. Kamera juu ya kitanda cha mgonjwa asiyeweza kukataa ni jambo jingine, na mimi nisingeiweka.

Vyote vitatu vinagota kwenye ukuta mmoja. Ili ujue kifaa kinasema kweli, unakilinganisha na nini? Na yule nesi mwenye herufi kumi. Kama kipimo chake kimekosea lugha, kifaa kitafundishwa kosa hilohilo na kulirudia usiku na mchana bila kuchoka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kifaa chochote kitakachotengenezwa huku si ya umeme. Ni kukaa na wauguzi, wazee na wanaojua Kichaga, Kimaa na Kimeru, kutunga maswali yanayoeleweka, na kuyapima kwa watu wazima wa afya kwanza. Baada ya hapo ndipo zije kamati za maadili, na ridhaa ya ndugu kwa niaba ya mtu asiyeweza kusaini, kisha usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini.

Kuna hesabu nyingine ndogo ambayo hunikosesha raha. Kifaa kikisoma kila dakika, ni mara 1,440 kwa siku. Kikikosea mara moja tu katika mia, ni kengele za uongo 14 kwa mgonjwa. Wodi ya vitanda sita ni kengele zaidi ya 80 kwa siku, juu ya zile za moyo na pampu ambazo tayari zinalia. Manesi watakizima ndani ya wiki moja, na watakuwa wamefanya sawa. Kelele zenyewe zinamnyima mgonjwa usingizi, na kukosa usingizi ni mojawapo ya vitu vinavyoendana na deliriamu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza usiku wodini kelele isizidi desibeli 30, kama kunong'ona, na sijawahi kuingia ICU iliyo kimya hivyo. Mimi ningetengeneza kifaa kisicholia kabisa. Kiandike kimya, na zamu inapobadilishana kionyeshe mstari mmoja: tangu usiku wa manane mgonjwa huyu amebadilika, mpime.

Na akipimwa akakutwa hivyo, afanyiwe nini? Wengi hutarajia sindano. Haloperidoli imetumika kwa miaka mingi, lakini jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 2018 lilionyesha kwamba haikufupisha deliriamu kuliko maji ya chumvi yasiyo na dawa yoyote. Kinachosaidia ni kutafuta chanzo na kukitibu, kupunguza dawa za kulaza, kumtoa mtu kitandani mapema hata akiwa bado na mpira kooni, kumrudishia miwani yake na meno yake ya bandia, kufungua pazia mchana na kuzima taa usiku. Wodi yenye dirisha la kaskazini hapa Moshi ina dawa nyingine: asubuhi mawingu yakifunguka Kibo inaonekana, na mtu akiiona Kibo anajua yuko wapi. Halafu ndugu. Sauti anayoijua, kwa lugha anayoijua, mara nyingi kwa siku.

Bibi alipona. Ilichukua wiki tatu nyumbani kabla hajaanza kutuita kwa majina yetu sahihi, na hadi leo hawezi kukaa peke yake giza likiingia. Alitusimulia kwamba siku zile kahawa ilikuwa imeiva yote kwa pamoja, mvua inakuja, na hakuna mtu aliyekuwa anamsaidia kuchuma.

Sensa ya mkononi ingeuona mwendo ule. Ingeandika kwamba vidole vinadonoa na mkono unashuka, mara ngapi kwa dakika, kuanzia saa ngapi. Kwamba ni kahawa, alijua mama mdogo, na yeye alikuwa nje kwenye benchi la mbao, anasubiri saa kumi jioni aruhusiwe kuingia.